Mtoto wa Meza wa Chini

Vua pete kwanza, Henrike.
Sasa vuta mtoto wa meza wa chini, taratibu,
yule mzito, anayekwama kila mvua inapoishukia Harz.
Ndimo analamo bwana wetu.

Usimwite mzee. Alichongwa mwaka aliozaliwa mama yangu,
na fundi wa Leipzig aliyevaa suti na kupanda tramu.
Ujana wake ameufunika kwa joho la watawa.
Mshike. Sikia ubaridi wa risasi.
Pitisha kidole: hana mviringo hata mmoja.
Palipo na tumbo kwa wengine, yeye ana kiwiko.
Unyoya wa bata bukini ulikata kona ile
karne nyingi kabla ya fundi,
na risasi inaikumbuka
ingawa haijawahi kumwona bata.

Herufi zake ndogo ni ua wa miti.
Panga neno la Kilatini, minimum,
upate vijiti kumi na tano, bega kwa bega,
na msomaji nje anatafuta mlango.
Usiviachanishe. Ua wenye mapengo si ua.
Mpe tu maneno machache.

Kubwa ndizo zenye makuu.
Tazama hii D, miba mgongoni, nyuzi mbili tumboni,
kama bibi harusi aliyetoka na dhahabu zote
kwenda kununua chumvi.
Moja mlangoni mwa neno, basi.
Mafahali wawili hawakai zizi moja.
Dankwart mchinjaji hakusikia:
alitaka soseji za nyumbani zitangazwe
kwa kubwa tupu, dirisha zima.
Nikachapa. Hela ni yake.
Wiki tatu watalii walidhani ni kanisa dogo,
wakaingia wakivua kofia.

Kazi yake? Chupa ya bia, ndiyo.
Jina la gazeti, lakini si habari zake.
Cheti cha seremala aliyefuzu.
Hadithi ya watoto: herufi ya kwanza tu, kisha mwache apumzike.
Dawa ya kikohozi, hapana. Ratiba ya treni, hapana kabisa;
anayekimbilia treni hana muda
wa kupiga hodi kwa kila neno.

Na wapo wanaompenda kwa ubaya.
Machi alikuja kijana, ukosi umesimama,
na karatasi iliyokunjwa mara nne. Maneno matano.
Siyarudii. Babu yangu aliyasikia mtaani
yakipigiwa ngoma.
Kwa herufi hii, akasema, ina damu yetu.
Nikamwambia S zimekwisha.
Zilikuwa mfukoni mwa aproni yangu, zote kumi na mbili,
zikinigonga paja kila nilipovuta pumzi.
Jioni nikazirudisha moja moja, nimezifuta kwa mafuta.
Herufi haina kosa, Henrike,
ila hubeba alama za vidole,
na tangu asubuhi hii vyako navyo vimo.

Haya. Kazi ya leo ni ya Mechthild Osterroth.
Marehemu mumewe, Volkmar, alitengeneza saa za minara.
Alitaka yote yawe kwa herufi hii:
jina, siku, saa, njia ya kufika makaburini.
Nikamwambia, jina tu.
Akanyamaza, akatazama mashine,
akauliza kama inauma vidole wakati wa baridi.
Inauma, nikasema.
Basi jina tu, akasema.

Panga. V ile yenye mkia, halafu ua wa miti.
Chini yake, kwa herufi nyembamba isiyojivuna:
Ijumaa, saa tano, lango la kaskazini,
njooni na miavuli.
Watu wasipotee.
Wakishafika, wasimame mbele ya jina
wahangaike nalo kidogo,
kijiti kwa kijiti,
mpaka liwafungulie.